Damu Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Nchi hii ninayoisimulia haipo. Nasema mapema, tena kwa sauti, asije mtu akaniita ofisini kunipa chai na maswali. Haipo kwenye ramani, haina jirani, na mkiona inafanana na nchi yoyote mnayoijua, basi tatizo ni macho yenu, nendeni mkapime.

Nchi hiyo isiyokuwepo ilikuwa na Serikali sikivu na desturi moja nzuri sana: kitu hakikuhesabiwa kuwa kipo mpaka kimepokelewa na mgeni rasmi. Daraja la Mto Nyembelwa lilikuwa na miaka minne tangu likamilike, imara, lina taa na vyuma vya kushikilia, lakini utepe wake ulikuwa haujakatwa, kwa hiyo wananchi waliogelea pembeni yake. Wengi walifika ng'ambo. Zahanati ya Kwamtundu ilikuwa na vitanda vipya, bado viko kwenye nailoni, na akina mama walijifungulia barazani huku wakiutazama utepe mwekundu mlangoni. Waliojaliwa walirudi nyumbani. Hakuna aliyelalamika, maana shuleni walifundishwa kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Basi mwaka ule Serikali ikaona jambo la kusikitisha. Mwaka uliotangulia, wanafunzi sitini na wawili wa Chuo Kikuu cha Taifa walichangia damu kwa siku moja. Mwaka huu, kuanzia Januari mpaka Septemba, hakuchangia hata mmoja. Mheshimiwa Waziri wa Uhai, Uzima na Mambo Yanayofanana na Hayo akasimama bungeni, akafuta jicho moja kwa leso, akauliza, "Vijana wetu wana nini? Damu wanayo. Mikono wanayo. Kinachowakwamisha ni kitu gani?" Wabunge wakapiga meza. Palepale ikaundwa Tume ya kuchunguza.

Jibu lenyewe wanafunzi wote walikuwa nalo. Lakini tangu lini mwanafunzi akaulizwa? Na alikuwepo mtu mzima mmoja aliyekuwa nalo, muuguzi wa hospitali iliyotazamana na geti la chuo, barabara tu katikati. Jina lake Gaudensia. Huyu naye hakusema, na alikuwa na sababu zake, ambazo zilikuwa zinamla taratibu.

*

Kila Jumatano saa tatu asubuhi Sista Gaudensia alivuka barabara na meza yake ya kukunja, akaifungua chini ya turubai mbele ya maktaba, akapanga viti vitano vya plastiki. Mdomo wake ulikuwa mkali, mkono wake mwepesi. Wanafunzi walisema sindano yake huisikii, unasikia matusi tu. Mfukoni alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia plasta, alioununua mwenyewe kwa sababu ule wa Serikali ulikuwa haujapokelewa. Shingoni, pamoja na rozari, alining'iniza ufunguo wa kasha la barafu la kuwekea damu.

Jumatano moja akaja kijana anaitwa Abedi, mwaka wa kwanza, mrefu, kifua kimejaa kwa kunyanyua vyuma.

"Haya, baunsa," Gaudensia akamwambia. "Kaa tukuone. Wenzako wakubwa kuliko wewe wamekimbia."

"Mimi sikimbii, sista." Abedi akakunja mkono wa shati. Gaudensia akamfunga mpira, akautafuta mshipa, akaupata, mshipa wa kupendeza kabisa.

"Shikamoo, sista," ikasema sauti kutoka kiti cha tatu.

"Marahaba," Gaudensia akajibu kabla hajajizuia.

"Samahani kukusumbua. Imeshapokelewa?"

Abedi akageuka. Kwenye kiti cha tatu, ambacho sekunde chache nyuma kilikuwa kitupu, amekaa msichana mwenye fulana nyeupe iliyoandikwa DAMU YANGU, TAIFA LANGU. Kwenye kiwiko ana pamba iliyoshikwa na plasta. Mapajani ana soda moja na pakiti ya biskuti, havijafunguliwa. Midomo yake ilikuwa rangi ya jivu. Fulana ilikuwa nyeupe mpaka kiunoni. Chini ya hapo sitaeleza, kuna watu mnakula.

"Bado, mwanangu," Gaudensia akasema, macho yake kwenye meza.

"Haya, hakuna shida. Nitasubiri."

Abedi akasimama polepole. "Sista, nimekumbuka nina kipindi."

"Saa hizi? Kipindi gani?"

"Chochote," akasema Abedi, akaondoka na mpira wa watu ukiwa bado mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumatano. Wote walikumbuka vipindi. Mhadhiri mmoja wa fizikia, mtu asiyeamini hata radi, alikumbuka msiba. Wala msidhani walikuwa wanaogopa mzimu. Chuo kile kilikuwa na mizimu yake, kulikuwa na mmoja maktaba uliokuwa ukidai kitabu tangu enzi za mkoloni, na watu walipishana nao kwenye ngazi wakisalimiana. Huyu angelia, wangemzoea. Angewatisha, wangemsomea dua. Lakini aliuliza kwa adabu, kama mtu aliyepanga foleni na anajua zamu yake itafika, na kila aliyemsikia alijitazama mkono na kujiuliza: na hii yangu je, itamsubiri nani?

*

Alipokuwa hai aliitwa Kuruthumu Mndolwa, mwaka wa pili, mwenyekiti wa klabu ya wachangia damu. Yeye ndiye aliyewatoa wale sitini na mmoja vyumbani mwao mwaka jana, akigonga mlango kwa mlango. "Oya, amkeni! Sindano ni sekunde tatu. Mkikataa nawaimbia hapa mlangoni, na sauti yangu mnaijua." Wakatoka kwa kuogopa kuimbiwa. Na ili asionekane anatuma watu asikokwenda mwenyewe, akakaa wa kwanza. Mfuko namba moja ulikuwa wake. Akaomba kalamu, akaandika namba kwa mkono wake, na pembeni akachora uso mdogo unaocheka.

"We mtoto, hiyo ni mali ya hospitali, siyo daftari lako," Gaudensia akamkemea.

"Atakayewekewa nataka ajue nilitoa kwa furaha, sista."

Saa tano mifuko yote sitini na miwili ilikuwa imeshapimwa, iko kwenye kasha la barafu, kasha limefungwa na kupambwa utepe, limewekwa juani kwenye meza kuu ili wapiga picha walione vizuri mgeni rasmi, yule Mheshimiwa Waziri, atakapolipokea. Mheshimiwa alitarajiwa saa nne. Saa sita likaja kwa kasi gari la kutangulia msafara, lililotumwa kutangaza kwamba Mheshimiwa atachelewa. Yeye mwenyewe alikuwa hana haraka; gari la kuleta habari hiyo ndilo lililokuwa na haraka. Kuruthumu alikuwa anavuka barabara na kreti la soda za wenzake. Likamchukua katikati ya barabara.

Wakambeba mpaka ng'ambo, hospitali. Baada ya muda simu ya Gaudensia ikaita. "Friji letu tupu, sista. Leteni mifuko mitatu, haraka. Binti anatuponyoka."

Gaudensia akakimbia mpaka kwa Afisa Itifaki, Bwana Lukwaro, mtu wa suti nyeusi na faili, ambaye hata juani hakutoka jasho bila ratiba.

"Sista, damu hiyo haijapokelewa."

"Mtoto anakufa, bwana! Hapo tu, ng'ambo! Na yake mwenyewe imo humu ndani!"

"Nakuelewa. Na mimi ni mzazi. Lakini tukipunguza, Mheshimiwa atapokea nini? Hotuba inasema sitini na mbili."

"Si aseme hamsini na tisa?"

"Hotuba imeshapigwa chapa, sista." Akamshika bega kwa huruma, na nadhani huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. "Haraka haraka haina baraka. Mheshimiwa yuko njiani."

Hapa pana jambo ambalo Gaudensia alilibeba mwaka mzima. Hakuna aliyemkamata. Hakuna askari aliyesimama mbele ya lile kasha, wala bunduki. Ufunguo ulikuwa shingoni kwake, unamgonga kifuani kila alipopumua. Alisimama nao pale mezani, akingoja aambiwe ndiyo, mpaka saa tisa na robo, simu ilipoacha kuita.

Mheshimiwa alifika saa kumi na moja. Mshereheshaji akapaza sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mheshimiwa akaweka mkono juu ya kasha, akasoma, "Leo tumeokoa maisha sitini na mbili." Uwanja mzima ukapiga makofi. Na Gaudensia alipiga. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata padri wake. Kesho yake kasha lilipofunguliwa, barafu ilikuwa maji ya moto, na damu yote ikamwagwa shimoni. Uso unaocheka ulikuwa wa kwanza kutumbukia.

*

Tume ilikuwa ya watu wazito saba, chini ya Profesa Gwandumi, ambaye alikuwa ameshaongoza tume kumi na moja na hakuna hata moja iliyowahi kugundua kitu. Walikaa ukumbini wiki tatu chini ya mapangaboi. Wakachunguza kama vijana wanaogopa sindano. Wakachunguza kama wamepungukiwa uzalendo. Siku mbili nzima walijadili mumiani, yaani wale wanaosemwa kunyonya watu damu na kuiuza, na wakaridhika kwamba mumiani hawapo, kwa sababu hakuna aliyesajiliwa.

Ikafika zamu ya Abedi.

"Kuna dada anakaa pale, Profesa. Anauliza kama imeshapokelewa."

"Dada huyo ni mwanafunzi halali?"

Msajili wa chuo akasimama na jalada. "Halali kabisa, Profesa. Alifariki, ndiyo, ila hakujaza fomu ya kuacha masomo. Na mahudhurio yake, niseme ukweli, ni mazuri kuliko ya wengi."

"Basi aitwe. Asiyekuwepo na lake halipo."

Akaitwa saa nne asubuhi, na saa nne kamili alikuwa amekaa kwenye kiti cha mashahidi, soda mapajani. Katika mashahidi wote wa wiki tatu, ni yeye peke yake aliyefika kwa wakati. Mapangaboi yakaanza kwenda polepole, kisha yakasimama, na hakuna aliyeyagusa.

Profesa akakohoa. "Shahidi, ieleze Tume, kwa kifupi na kwa mujibu wa kanuni, ni nini kinachowakatisha tamaa wanafunzi wa chuo kikuu kuchangia damu."

"Shikamooni," akasema Kuruthumu. "Samahani kuwasumbua. Imeshapokelewa?"

Watu saba wazito wakatazamana. Mmoja akaanza kukunja na kukunjua tai yake. Profesa akafungua kabrasha, akapitisha kidole mstari kwa mstari, jasho likimdondokea kwenye karatasi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Swali hilo liko nje ya hadidu za rejea."

Katibu akaandika: Shahidi hakuwa na la kuongeza.

"Haya, hakuna shida," akasema Kuruthumu. "Nitasubiri."

Aliyefuata alikuwa Gaudensia. Asubuhi ile alikuwa ametoka nyumbani na neno lake limekamilika mdomoni, nitasema, leo nitasema na liwalo na liwe. Lakini kwenye korido akakutana na Bwana Lukwaro, amesimama na faili lake, anatabasamu.

"Sista, funika kombe mwanaharamu apite. Wewe ni mtu mzima. Wakianza kuuliza, wataanza na ufunguo. Na ufunguo ulikuwa shingoni kwa nani?"

Basi Profesa alipomuuliza, Gaudensia alitazama chini, akasema, "Ni woga wa sindano, Profesa."

"Umesema vema sana, sista. Kwa lugha nyepesi."

Kutoka nje ilimbidi apite karibu na Kuruthumu, aliyekuwa sasa amekaa kwenye benchi la mlangoni. Alingoja kusutwa. Angesutwa angepona. Msichana akasogeza miguu kumpisha, akamwambia, "Pole na kazi, sista." Gaudensia alikwenda chooni akajifungia, akalia na kujiziba mdomo kwa kofia yake ya uuguzi.

Ripoti ilitoka na kurasa mia nne. Iligundua kwamba wanafunzi hawachangii damu kwa sababu biskuti zilizotolewa zilikuwa za tangawizi, ilhali vijana wa leo wanapenda za nazi. Ikapendekeza mambo mawili: biskuti za nazi ziagizwe mara moja, na mwanafunzi asiye na muhuri wa kuchangia damu asiingie chumba cha mtihani. Serikali, kwa usikivu wake, ikakubali yote mawili, na ikatangaza Siku ya Kupokea Ripoti na Damu.

*

Siku hiyo walipanga foleni kwa amri. Mmoja baada ya mwingine wakakaa, wakafungwa mpira, na mmoja baada ya mwingine wakaulizwa kutoka kiti cha tatu, kwa adabu ileile, imeshapokelewa? Safari hii hakuna aliyeweza kukumbuka kipindi. Wengine walifumba macho. Msichana mmoja alijibu, "Sijui, dada yangu, sijui," akarudia mpaka mfuko ulipojaa. Biskuti za nazi hazikuguswa.

Abedi alikuwa wa arobaini na wa mwisho. Gaudensia alipombandika plasta, kijana hakuinuka.

"Sista, niambie ukweli. Hii yangu itasubiri nini?"

Gaudensia alikata plasta kwa mkasi wake, akaurudisha mfukoni.

Mifuko arobaini ikapimwa, ikafungiwa kwenye kasha, utepe ukafungwa, meza kuu, juani. Mheshimiwa alitarajiwa saa nne. Saa tano ikapita. Ikasemekana yuko mji wa jirani anapokea lifti ya ghorofa moja. Saa sita simu ya Gaudensia ikaita, na alijua kabla hajapokea.

"Sista, wodi ya wazazi hapa. Kuna mama anaitwa Nyamizi, kaletwa kwa baiskeli kutoka Kwamtundu. Alijifungulia barazani, damu haikati. Friji tupu. Mifuko minne, sista, tunaomba minne tu."

Akaenda kwa Bwana Lukwaro. Alikwenda kwa mwendo wa kawaida, maana mwaka jana alikimbia na mbio hazikusaidia. Bwana Lukwaro alimwona anakuja, akaanza kutikisa kichwa kutoka mbali.

"Sista, unajua kabisa kwamba haija..."

"Imeshapokelewa?" akauliza Kuruthumu kutoka kitini.

Gaudensia akawatazama wote wawili, aliye hai na aliyekufa, na akaona kwamba hao wawili walikuwa wakimwambia neno moja mwaka mzima, na yeye ndiye aliyekaa katikati na ufunguo. Akaingiza mkono shingoni. Uzi wa rozari ukakatika, shanga zikamwagika mezani, akaziacha. Akafungua kasha mbele ya meza kuu, mbele ya wapiga picha na bendi ya polisi, akatoa mifuko minne na kuikumbatia kwenye aproni yake.

"Sista!" Bwana Lukwaro akapiga kelele. "Kwa mamlaka ya nani?"

"Ya ufunguo, bwana. Si ulikuwa shingoni kwangu? Umesahau?"

Getini, trafiki akamwinulia mkono. "Mama, barabara imefungwa. Mheshimiwa huyo anakuja."

"Baba, mtu anakufa pale. Nafika, ni hatua ishirini."

"Nimesema imefungwa! Unataka nifukuzwe kazi?"

Ving'ora vilikuwa vimeshaanza kusikika. Kwenye kona likachomoza gari la kutangulia msafara, gari lilelile, dereva yuleyule, kwa kasi ileile, na nyuma yake msafara mzima. Gaudensia alisimama ukingoni, mifuko ya baridi ameikumbatia tumboni, na akasikia kiti cha plastiki kikisogezwa nyuma yake.

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, Kuruthumu alikuwa amesimama. Akampita Gaudensia, akampita trafiki, akaihamishia soda mkono wa kushoto, akaenda mpaka katikati ya barabara, palepale, akainua mkono wa kulia wenye pamba.

Dereva alimwona. Watu waliokuwa getini wanasema uso wa dereva hawatausahau. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likapiga mlio, likasimama mbele ya ile fulana nusu hatua. La nyuma yake likaligonga, na la nyuma yake, na la nyuma yake, magari kumi na moja ya Serikali yakakumbatiana kwa heshima zote za itifaki. Hakuna aliyeumia. Kikawa kimya kabisa, hata king'ora kimoja hakikulia.

"Pita, sista," akasema Kuruthumu.

*

Wodini, mwenzake alimfungulia daftari huku mwingine ameshaanza kuning'iniza mfuko wa kwanza. "Hapa pameandikwa aliyepokea. Niandike nani?"

"Andika Nyamizi."

Alikaa pale mpaka alipoona midomo ya yule mama inarudiwa na rangi. Kichanga kilikuwa kimelazwa kwenye beseni la pembeni, kimefunikwa kitenge, kinalia kwa hasira kama kilichodhulumiwa. Gaudensia alikisikiliza sana. Kisha akavuka barabara kurudi, akipita kati ya magari yaliyokunjamana na maofisa waliokuwa wakibishana ni nani mwenye mamlaka ya kuyapokea.

Kuruthumu alikuwa amesharudi kwenye kiti chake.

"Samahani, sista. Imeshapokelewa?"

"Imepokelewa, mwanangu."

Msichana akamtazama, kama mtu aliyezoea kungoja mpaka akasahau kitu kinachofuata. "Nani kaipokea?"

"Mama mmoja, Nyamizi wa Kwamtundu. Ana binti."

"Lakini siyo yangu."

"Siyo yako." Gaudensia akapiga magoti pale vumbini, na sketi yake nyeupe. "Yako niliimwaga. Mwenye ufunguo nilikuwa mimi. Ningeweza, na nilisimama tu, na baadaye nikapiga makofi. Nisamehe, mwanangu."

"Najua, sista. Nilikuwa nakuona kutoka dirishani."

Hakusema amesamehe, na hakusema hakusamehe. Alifungua soda, akanywa taratibu mpaka ikaisha, akala biskuti moja. Akaikunja pakiti vizuri, akasimama.

"Basi ngoja niwahi kipindi," akasema, akaelekea ukumbi wa mihadhara, na Gaudensia hakumwona tena.

*

Mheshimiwa alipokea damu saa kumi na mbili kasoro. Kasha lilikuwa na mifuko thelathini na sita, hotuba ilisema arobaini, akasoma arobaini. Wakapiga makofi. Kesho yake Gaudensia akapewa barua ya mashtaka: kupokea damu ya Taifa bila kuwa mgeni rasmi. Aliamriwa kurejesha mali zote za Serikali, na orodha ikaambatanishwa: sare moja, ufunguo mmoja, meza ya kukunja moja, viti vya plastiki vitano.

Wanafunzi nao, sijui nani aliwaambia. Asubuhi hiyohiyo Abedi alionekana akivuka barabara na wenzake ishirini, wakaingia hospitali kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, wakatoa damu yao bila muhuri wala biskuti, na kila mmoja alikaa mpaka alipoambiwa imekwenda kwa nani. Serikali imeunda Tume kuchunguza kinachowasukuma.

Jumatano iliyofuata, saa tatu asubuhi, Gaudensia alikwenda mbele ya maktaba kukusanya vile viti ili avirejeshe. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani. Alipofika, akasimama.

Kiti cha tatu kilikuwa kimekaliwa. Safari hii ni mwanaume wa makamo, shati limemganda mwilini, maji yanamchuruzika kwenye viwiko na kutengeneza dimbwi chini. Viti vingine vinne vilikaliwa na wanawake wenye khanga zilizolowa chini, kila mmoja na kifurushi kidogo kifuani, na hakuna kifurushi kilicholia. Nyuma yao walikuwepo wengine wamesimama. Foleni ilizunguka maktaba, ikapita ukumbi wa mihadhara, ikaenda mpaka macho yake yalipoishia. Hakuna aliyesukumana na mwenzake.

"Habari za asubuhi, sista," yule mwanaume akasema kwa adabu. "Samahani kukusumbua. Daraja letu la Nyembelwa limeshafunguliwa?"

Gaudensia alitaka kukumbuka kipindi, na yeye hakuwa na kipindi.

"Bado, baba," akasema.

"Haya, hakuna shida. Tutasubiri."

Akamtazama yeye, akawatazama wanawake wa Kwamtundu, akaitazama foleni.

"Hilo daraja ni mbali na hapa?"

"Wala siyo mbali," akasema yule mwanaume. "Na lenyewe zima kabisa, sista. Kuna utepe tu."

Gaudensia akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni. Mkasi wake wa kukatia plasta walikuwa hawajauandika kwenye orodha.